MFUKO WA FEZA NDANI YA TELEFONI: ULITOKA WAPI, UNATUMIKA NAMNA GANI?



Siku moja, nyuma ya ibada ya asubuhi, mwanafunzi mdogo alituuliza hivi: "Baba akinitumia minervali kwa telefoni kutoka Kamituga, ile feza inapita wapi? Inapita hewani?" Wengi walicheka. Lakini sisi wa darasa ya sita tulipotaka kumjibu, tuliona hata sisi hatujui vizuri. Kila mmoja alisema lake. Basi tukauliza walimu, tukaketi na wenye kabine ku soko ya Kadutu, tukasoma na kuandika. Somo hili ni jibu letu kwa yule mdogo wetu, na kwa wale waliocheka pia.

1. ZAMANI FEZA ILITEMBEA NAMNA GANI

Jamaa nyingi za Kadutu ziko namna hii: baba anatafuta zahabu kule Kamituga ao Shabunda, mama anabaki hapa anauza unga, sambaza ao mboga, watoto wanasoma. Feza ya baba inapaswa kufika kwa mama. Zamani ilipita kwa mkono wa mtu: dereva wa kamyo, mchuuzi, ao ndugu wa kanisa. Baba anafunga noti ndani ya karatasi, anaandika jina, anaomba Mungu. Safari ni ya mlima na matope, na wakati wa mvua gari inaweza kulala njiani siku nyingi. Mjumbe akifika na kusema "nimenyanganywa", utafanya nini? Huna ushuhuda wowote.

Na feza ikifika salama, kuichunga ni kazi nyingine. Sisi wote tunajua nyumba zetu za mbao zinavyobanana ku mlima. Moto ukiwaka Nyamugo ao kwingine, dakika chache tu, na yote iliyokuwa chini ya godoro imekuwa majivu.

Basi sababu gani wazee hawakuweka feza ku banki? Tuliwauliza, wakatuambia habari ya mwisho wa mwezi wa 12 mwaka 1979. Serikali ya Zaïre ilitangaza kwamba noti za zaïre 5 na zaïre 10 zimekufa, na watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha. Wengi hawakuwahi. Kisha bei zikapanda bila kusimama. Mwaka 1993 walitoa zaïre mpya, moja kwa zaïre milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franga ya Kongo, moja kwa zaïre mpya 100.000. Mtu aliyeona mambo hayo yote hawezi kuamini karatasi haraka. Ndiyo maana hata leo mzee akipata kitu anakimbilia dola.

Shikeni neno hili, kuamini. Tutalirudilia, maana somo lote limesimama juu yake.

2. MFUKO HUU ULIZALIWA NAMNA GANI

Ku Marekani, mwaka 1998, vijana walianzisha kampuni iliyokuja kuitwa PayPal. Mtu aliweza kulipa mwingine kwa njia ya ordinateri na intaneti. Lakini ilifaa zaidi kwa mtu mwenye ordinateri na mwenye banki. Mama wa Kadutu hakuwa na hii wala ile. Ku Filipino, mwaka 2004, walianzisha GCash, ambayo ilitumia telefoni ya mkono.

Afrika nako watu walikuwa wamejitafutia njia. Kule Uganda na inchi zingine, mtu wa mji alinunua uniti za kupiga simu, akazituma kwa mtu wa kijiji. Yule wa kijiji akaziuza kwa jirani na kupata noti. Hakuna bwana mkubwa aliyewafundisha. Watu waligeuza uniti kuwa feza kwa akili yao wenyewe.

Na kwetu Kongo? Wengi wanafikiri sisi tulikuja wa mwisho. Siyo hivyo kabisa. Kampuni Celtel ilikuwa imeanzisha Celpay ku Zambia, na kisha Celpay ikaingia Kongo. Nyuma ya vita kubwa, maaskari walioweka silaha chini waliahidiwa dola 25 kwa mwezi ili waanze maisha mapya, na feza ile ilipita kwa njia ya Celpay. Ndiyo kusema, katika inchi isiyo na barabara, feza ya telefoni ilikwisha kutumika hapa mbele ya jina la M-Pesa kujulikana.

M-Pesa yenyewe ilianza hivi. Kampuni Vodafone ya Uingereza, ikisaidiwa na serikali ya inchi ile, iliwatuma Nick Hughes na Susie Lonie kutafuta njia ya maskini kulipa deni ndogo ndogo. Mwezi wa 10 mwaka 2005 walifanya majaribio ku Nairobi na Thika, Kenya, pamoja na kampuni ya mikopo Faulu. Wateja hawakufika 500. Lakini wateja wale hawakulipa deni tu. Walianza kutumiana feza wao kwa wao, mume kwa mke, mtoto kwa mzazi. Wenye kampuni waliona, wakabadilisha shauri. Tarehe 6 mwezi wa 3 mwaka 2007, Safaricom ilifungua M-Pesa kwa Kenya yote. "M" ni ya telefoni ya mkono, na "pesa" ni neno la lugha yetu Kiswahili. Mwaka 2008 ikafika Tanzania kwa Vodacom. Mwisho wa mwaka 2012 Vodacom ikaileta Kongo. Kampuni zingine nazo ziko na mifuko yao, kama Airtel Money na Orange Money.

3. INAFANYA KAZI NAMNA GANI

(a) Feza haiko ndani ya telefoni.

Hili ndilo kosa la kwanza la watu wengi. Telefoni ni kama ufunguo tu. Ordinateri kubwa za kampuni ziko na kitabu kikubwa cha hesabu, na jina lako liko ndani yake, na mstari wako, na kiasi chako. Kwa hiyo telefoni ikianguka ndani ya ziwa Kivu, feza haikuzama. Enda mbio ku ofisi ya kampuni na karte yako ya utambulisho, wafunge ile SIM na kukupa ingine ya namba ile ile.

(b) Hakuna noti inayopita hewani.

Baba akiwa Kamituga anaandika *1122# kama ni M-Pesa. Hii haihitaji intaneti, hata telefoni ndogo ya vitufe inaweza. Anachagua dola ao franga, maana kwetu Kongo mtu anaweza kuwa na mfuko wa zote mbili. Anaandika namba ya mama, kiasi, kisha namba yake ya siri. Maneno haya yanapita ku anteni mpaka ku ordinateri za kampuni. Ordinateri inauliza mambo mawili: namba ya siri ni ya kweli? Kiasi kinatosha? Kama ndiyo, inapunguza ku mstari wa baba, inaongeza ku mstari wa mama, inakamata faida ya kampuni, na kutuma mesaji kwa wote wawili. Ni hivyo tu. Kilichopita hewani ni habari. Mdogo wetu, hili ndilo jibu la swali lako.

(c) Nyuma ya hesabu kunapaswa kuwa feza ya kweli.

Kama kampuni ingeweza kuandika tu kiasi inachotaka, tungerudi ku siku za zaïre. Kwa hiyo mwaka 2011 Banki Kuu ya Kongo ilitoa amri yake namba 24 juu ya feza ya namna hii, na mwaka 2018 inchi ikapata sheria juu ya njia za kulipana. Kanuni kubwa ni hii: kwa kila franga iliyoandikwa ndani ya mifuko ya watu, kampuni inapaswa kuwa imeweka franga ya kweli ku banki. Kampuni ni mchungaji tu. Kondoo ni wa watu.

(d) Mwenye kabine ni mlango.

Mlango wa kuingiza noti na kutosha noti ni yule kijana ao mama anayeketi chini ya mwavuli. Tuseme asubuhi anaanza na franga 200.000 ndani ya telefoni, na noti za franga 100.000 ndani ya kisanduku. Jumla yake ni 300.000.

Mteja wa kwanza analeta noti za 30.000 ili aziweke ku telefoni yake. Mwenye kabine anapokea noti, anamtumia 30.000. Sasa telefoni 170.000, kisanduku 130.000. Jumla 300.000.

Mteja wa pili anataka kutosha 50.000. Anatuma 50.000 kwa mwenye kabine, anapewa noti. Sasa telefoni 220.000, kisanduku 80.000. Jumla 300.000 tena.

Mnaona? Jumla haibadiliki (tumeacha faida yake ili hesabu iwe nyepesi). Kinachobadilika ni upande gani umejaa. Sasa anakuja mteja wa tatu, anataka kutosha 100.000. Kisanduku kiko na 80.000 tu. Mwenye kabine siyo mwizi, na feza ya mteja haikupotea. Ila noti haziko. Mwenye kabine anapaswa kwenda kwa mkubwa wake ao ku banki, kubadilisha zile za telefoni kuwa noti, na kurudi.

4. FUNDISHO LA MWAKA 2025

Sasa fikirini: na kama banki yenyewe imefunga?

Hatukupaswa kuliona jambo hili ndani ya kitabu. Mwezi wa 2 mwaka 2025, vita vilipofika mji wetu wa Bukavu nyuma ya Goma, banki zilifunga milango. Noti mpya hazikuingia tena. Mifuko ya telefoni ilibaki na hesabu zake, hakuna kitu kilichofutika. Lakini visanduku vya wenye kabine vilikauka kimoja kimoja. Yule aliyebaki na noti aliziuza kwa bei: mtu alituma nyingi, akapokea kidogo. Na noti za franga zilizozunguka mjini zilizeeka na kupasuka, mpaka wauzaji wakaanza kuzikataa.

Mama mmoja wa jamaa ya mwenzetu alikuwa na mchango wa mtoto wake wa egzame ya Serikali ndani ya telefoni, kiasi kamili. Alipanda na kushuka milima ya Kadutu siku tatu bila kupata kabine ya kumtoshea. Siku ya nne alimkuta ku soko muuza unga ambaye yeye alitaka kitu kinyume: alikuwa na noti, lakini mwenye kumletea unga alitaka alipwe kwa telefoni. Wakabadilishana pale pale juu ya gunia, bila faida, bila kabine, kwa sababu wamesali kanisa moja miaka mingi. Mtoto akaandikwa.

Wengine walisema mwaka ule: "Feza ya telefoni ni uongo." Sisi hatukubali. Wengine walisema: "Noti zitakwisha duniani, tutabaki na telefoni tu." Hilo pia hatukubali. Tulichojifunza ni hiki: feza ya telefoni ni ahadi. Kampuni inaahidi, banki inachunga ahadi, mwenye kabine anaitimiza, na muuzaji anaipokea. Mmoja akikosa, hesabu yako ni kamili, lakini unalala njaa. Na noti nayo ni ahadi iliyoandikwa juu ya karatasi, wazee wetu walilijua hilo tangu 1979.

5. NAMBA YA SIRI, NA KOSA LETU SISI WENYEWE

Tungependa kuishia hapo, tukisema makosa ya wengine. Lakini tuko na letu, na Bwana Prefe ametukubalia tuliandike.

Moto uliunguza nyumba ya mwenzetu mmoja. Sisi viongozi wa wanafunzi tulipita darasa kwa darasa kuomba mchango. Tuliona heri tuuweke ndani ya telefoni ya mmoja wetu, maana sanduku la ofisi linafunguka kwa msumari. Watatu kati yetu tulijua namba ya siri. Tulisema: sisi ni ndugu, siri ya nini? Mchango ukafika franga 86.500. Siku ya kuupeleka kwa mama wa mwenzetu, tulikuta 61.500.

Hakuna aliyesema kitu. Wote walimtazama mwenye telefoni, na yeye alilia mbele yetu. Wiki nzima tuliomba pamoja asubuhi bila kutazamana machoni. Mesaji zilikuwa zimefutwa ku telefoni. Lakini kumbukeni tulivyosema: hesabu haiko ndani ya telefoni, iko ku kitabu cha kampuni. Mwenye telefoni alienda na karte yake kuuliza, akaonyeshwa: franga 25.000 zilitoshwa siku ya alhamisi, nyuma kidogo ya saa kumi. Saa ile mwenye telefoni alikuwa anacheza mpira mbele ya masomo yote, na telefoni ilikuwa ndani ya mfuko wake wa vitabu, pembeni ya kiwanja.

Hatutaji jina. Usiku ule ule mwenzetu alikuja mwenyewe, akasema alizitosha kwa dawa ya mdogo wake, na alifikiri atazirudisha mbele hatujajua. Sisi wengine tulijaza pengo kwanza, ili mama wa mwenzetu asichelewe. Yeye akaturudishia 5.000 kila wiki, wiki tano, hakukosa hata moja. Leo bado ni rafiki yetu.

Lakini kosa halikuwa lake peke yake. Lilikuwa letu sote, sababu tulimpa namba ambayo hakupaswa kuwa nayo. Tulifikiri kuaminiana ni kuacha mlango wazi. Kumbe mlango uliofungwa unamchunga hata rafiki, asijaribiwe siku ya taabu. Na yule asiye na kosa, mlango uliofungwa ungemchunga asisingiziwe. Someni Luka 16:10 nyumbani, kisha fikirini juu ya franga 25.000.

6. MASHAURI MACHACHE

Kwanza, namba ya siri ni ya mtu mmoja. Siyo ya rafiki, siyo ya mchumba, siyo ya mwenye kabine. Usichague mwaka wa kuzaliwa kwako, maana kila mtu anaujua.

Pili, mtu akikupigia na kusema yeye ni wa kampuni, umeshinda zawadi, umupe namba ya siri, kata simu. Kampuni haihitaji namba yako. Kitabu kiko kwake.

Tatu, soma namba ya mpokeaji mara mbili mbele ya kukubali. Tarakimu moja ikipotea, feza inaenda kwa mgeni, na kuirudisha kunategemea moyo wake na haraka yako ya kufika ku ofisi.

Nne, mesaji ikikuambia umetumiwa feza "kwa makosa, rudisha", tazama kwanza hesabu yako. Mesaji mtu yeyote anaweza kuiandika. Hesabu hapana.

Tano, feza ya watu wengi iandikwe pia ku daftari, na watu wawili waisome kila wiki kwa sauti.

Sita, usiweke yote upande mmoja. Chunga noti kidogo kwa siku ya shida, na usilundike nyingi nyumbani.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Sababu gani telefoni ikipotea feza haipotei?
2. Mwenye kabine ana franga 150.000 ku telefoni na noti za 90.000. Wateja wawili wanatosha kila mmoja 40.000, na mmoja analeta noti za 25.000 ili aziweke. Tafuta kiasi cha kila upande na jumla. (Jibu: telefoni 205.000, noti 35.000, jumla 240.000.)
3. Ku Kenya mwaka 2005, wateja walifanya nini ambacho wenye kampuni hawakukitazamia?
4. Uliza mzee mmoja wa kwenu: mwaka 1979 ao 1993, alipoteza nini? Andika jibu lake kwa mistari kumi.
5. Nani anajua namba ya siri ya mama yako? Kama ni wewe, mwambie leo aibadilishe.

Majibu ya ulizo la nne mtuletee ku meza ya viongozi mbele ya ijumaa. Yale mazuri tutayaandika katika ukurasa huu. Tunawatakia masomo mema.

Viongozi wa wanafunzi, kwa mkono wa mmoja wa darasa ya sita, Kadutu